Aliyetembea Nyuma ya Kambere

Mwalimu Vagheni alifundisha historia katika sekondari moja ya mapadri mtaani Kimemi, mjini Butembo, na wanafunzi walimpenda kwa sababu hakuwa na hasira. Mtu angechelewa, angesinzia, angejibu ovyo, yeye alimtazama tu kisha akaendelea kuandika ubaoni. Waliuita huo upole. Hawakujua kwamba mchumba wake alimsubiri mwaka mzima bila kumwona mlangoni kwao, mwishowe akaolewa na mtu wa Lubero, na kwamba Vagheni alihudhuria hiyo harusi, akala nyama, akawapongeza wazazi, akarudi nyumbani kusahihisha madaftari.

Mambo yalianza Agosti 1998, vita vya pili vya Kongo vilipokuwa na wiki chache tu. Kaka yake, Kambere, alikuwa mfanyabiashara wa mawese. Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo akamwomba mdogo wake amsindikize mpaka Mabalako kujaza mapipa. Walipita Beni salama. Kabla ya kufika Mangina, lori likasimamishwa na wanajeshi waliokuwa wameweka mti barabarani. Walikuwa wa upande gani, Vagheni hakujua siku ile, na baadaye hakujali kujua. Wanaume wote waliteremshwa, kila mmoja akapewa kisanduku cha risasi, kidogo lakini kizito kama jiwe la kusagia, wakaingizwa msituni kuelekea magharibi.

Siku ya tatu Kambere, aliyekuwa na homa tangu walipoondoka Butembo, alianguka. Mwanajeshi akamwambia Vagheni, aliyekuwa nyuma yake, aongeze mzigo wa kaka yake juu ya wake. Vagheni aliongeza, akapita. Mwanajeshi alibaki nyuma na Kambere, na punde ukasikika mlio mmoja wa bunduki. Siku mbili baadaye, wakati wa kuvuka mto, Vagheni aliponyoka, akatembea mpaka Beni, na kutoka Beni mpaka Butembo.

Berthe, mke wa Kambere, alimkuta ameketi kizingitini pake, miguu imevimba. Akamwuliza mume wake yuko wapi. Vagheni alifungua kinywa kusema ukweli, na kilichotoka ni hiki: "Balituachanisha karibu na Mangina. Yeye alienda na kundi ingine."

Baada ya hapo hakukuwa na mahali pa kulirudishia lile neno. Berthe alianza kungoja. Kila mchuuzi aliyetoka upande wa Kisangani aliulizwa. Mashati ya Kambere yalifuliwa na kupigwa pasi kila mwisho wa mwezi ili yasiliwe na mende. Wajane wenzake walipomshauri aache kungoja, Berthe aliwajibu kwamba shemeji yake alimwona Kambere akiwa hai, akitembea kwa miguu yake. Vagheni alikuwepo mara moja alipolisema hilo. Alikuwa anamenya karanga. Aliendelea kumenya.

Hivyo ndivyo ilivyopita miaka miwili na zaidi.

Mwanzoni mwa 2001 Vagheni alifika kwenye somo la upagazi, enzi za Wabelgiji. Maktaba ya shule ilikuwa imeporwa, na katika daftari lake la maandalizi somo lote lilikuwa sentensi moja: upagazi wa lazima ulisababisha manung'uniko mengi. Aliiandika ubaoni. Wanafunzi wakainakili. Ndipo msichana mmoja wa darasa la tano, Bénie, akainua mkono.

"Mwalimu, ule muzigo ulikuwaka na kilo ngapi?"

"Inategemea."

"Na kama mutu alichoka, balikuwaka banamufanya nini?"

Vagheni alitazama ubao. "Haiko mu daftari," alisema.

"Babu yangu alibebaka," Bénie alisema. "Iko hapa karibu tu. Tungemuita, atuambie."

Mkuu wa shule, prefe Ignace, alikuwa mtu wa Kasai, ng'ambo ya mstari wa vita, aliyetumwa Butembo kabla ya vita na sasa hakuwa na njia ya kurudi kwao. Aliposikia habari hiyo alifurahi. Kwa muda mrefu alitaka kitu cha kuwaonyesha wazazi siku ya kufunga mwaka, kitu kisichokuwa nyimbo zile zile.

"Cher collègue, mwalimu mwenzangu," alimwambia Vagheni ofisini, "batoto banalala mu classe. Tufanye théâtre, mchezo, lakini mchezo ya histoire. Babebe mizigo kweli. Batembee kweli. Mutoto akibeba yeye mwenyewe, hatasahau."

Vagheni angeweza kukataa, lakini kukataa kungehitaji sababu, na sababu ingehitaji maneno. "Ni sawa," alisema. Akatoka kwenda kutafuta magunia.

Mzee Kahongya, babu yake Bénie, alikuja Jumatano ya kwanza ya mazoezi akiwa amevaa koti la sufu lililofungwa vifungo vyote. Wanafunzi walimsogezea kiti chini ya ukingo wa paa. Katika ujana wake alichukuliwa Oicha akabebeshwa mizigo ya wazungu waliochimba dhahabu, akaenda kaskazini mara nne na kurudi mara nne. Aliulizwa uzito wa mzigo. Alisema kilo ishirini na tano, na kwamba siku ya kwanza ni shingo, siku ya pili ni magoti, na kuanzia siku ya tatu mtu hana mwili tena, ana njia tu.

Aliwafundisha kusokota ngata kwa majani makavu ya mgomba, ikae kichwani bila kushikwa. Aliwapanga mstari. Magunia yalijazwa mchanga nusu, maana hawa walikuwa watoto. Jéthro, kijana mrefu wa darasa la sita, alichaguliwa kuwa askari. Akaanza kupita kando ya mstari akifoka na kupunga fimbo, na wenzake wakacheka.

Mzee akagonga fimbo yake chini.

"Hapana vile," alisema. "Askari naye alikuwaka anachoka. Hakupiga kelele. Alikuwa anasema polepole, kama mutu anaomba maji."

"Na hawa, balie?" Bénie aliuliza. Yeye ndiye aliyepewa kazi ya kusimulia, na aliandika kila kitu.

"Kulia nini? Unaangalia kisigino cha mwenye iko mbele. Ndio kazi yako. Kisigino."

"Na mutu akianguka?"

"Anaanguka."

"Mwenye iko nyuma yake anafanya nini, Babu?"

Mzee Kahongya alifuta jicho moja lililokuwa linatoa maji bila kilio. "Anabeba," alisema. "Anabeba ya kwake na ya mwenzake. Usiniulize tena hiyo."

Vagheni alikuwa amesimama kwenye nguzo. Aliona Bénie akiandika neno hilo. Alijiuliza kama yeye naye anapaswa kuliandika, akaona daftari lake liko darasani, basi. Mazoezi yalipokwisha alimsindikiza mzee mpaka barabarani. "Wasingya," mzee alimwambia kwa Kinande, yaani asante, akamshika mkono kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyo desturi. Halafu akashuka kilima polepole na koti lake.

Katika mazoezi yaliyofuata wanafunzi wenyewe waliona kwamba tendo la kuchukua mzigo wa mwenzako bila neno halitawafaa wazazi. Watu wangekaa tu kama watu wasioelewa. Kwa hiyo walikubaliana hivi: Luc, mpagazi wa nne, ataanguka kwenye mzunguko wa tatu wa uwanja. Mpagazi wa tano atapiga magoti, atamwombea mwenzake huruma, atakataa mara mbili, na mara ya tatu ndipo atachukua mzigo huku akilia. Walimwuliza mwalimu kama ni vizuri. Alisema ni vizuri.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi moja ya Juni, asubuhi yenye ukungu. Wazazi walijaa pande tatu za uwanja. Berthe alikuwa safu ya mbele, kwa sababu binti yake Élise, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, aliimba katika kwaya iliyofungua sherehe. Alikuwa amevaa kitenge ambacho Kambere alimnunulia Beni. Alimpungia shemeji yake mkono, naye akapunga.

Saa nne kasoro dakika chache, prefe Ignace alimjia Vagheni mbio. Mpagazi wa tano hakuwepo. Familia yake ilikuwa imeondoka alfajiri kwenda kuzika huko Lubero.

"Ingia weye," Ignace alisema. "Unajua yote. Hakuna mwingine mwenye anajua."

Vagheni alivua koti na viatu. Mtu akamfunga kaniki kiunoni. Akasokota ngata, akaiweka kichwani, wakampa gunia. Akaingia kwenye mstari nyuma ya Luc.

Bénie alisimama juu ya meza na kuanza kusimulia kwa sauti safi. Mstari ukaondoka. Mzunguko wa kwanza wazazi walicheka kidogo kumwona mwalimu peku. Mzunguko wa pili walinyamaza, kwa sababu Jéthro alikuwa amejifunza kwa mzee, alitembea kando ya wapagazi akisema polepole, "Twende, twende," bila kuinua fimbo. Vagheni aliangalia kisigino cha Luc. Kilikuwa na kovu dogo jeupe. Mzunguko wa tatu, mahali palipopangwa, Luc akakunja magoti na kuanguka, gunia likadondoka kando.

Jéthro akasogea. "Chukua ya kwake," alisema.

Vagheni hakupiga magoti kuomba. Hakukataa. Alichuchumaa, mgongo ukiwa wima ili mzigo wake usiteleze. Kwa mkono wa kushoto aliivua ngata kichwani mwa Luc, akaipachika juu ya gunia lake ili gunia la pili lipate kukaa. Akalivuta gunia la Luc mpaka begani, akalisukuma juu kwa kiwiko, akasimama. Haikuchukua muda mrefu kuliko kufunga kamba ya kiatu. Akairuka miguu ya Luc na kuendelea.

Mstari ulipaswa kuishia mbele ya meza ya Bénie. Wapagazi watatu waliotangulia walisimama hapo. Vagheni aliwapita. Alipita bendera, alipita kwaya, akavuka mpaka wa uwanja akielekea vyoo na ua wa mikaratusi, kwa mwendo ule ule. Baadhi ya wazazi walianza kupiga makofi wakidhani ndivyo mchezo unavyokwisha. Makofi yakawa mengi. Bénie alishuka mezani, akamfuata mbio, akamshika mkono.

"Mwalimu. Tumeshamaliza."

Alimwangalia kana kwamba amemwuliza njia. Akatua magunia. Shingo ilimuuma, na hilo ndilo jambo pekee aliloliona. Alipogeuka, aliona watu wote wamesimama wanapiga makofi, isipokuwa Berthe. Berthe alikuwa ameketi, mikono mapajani.

Kesho yake, Jumapili, baada ya misa ya pili, Berthe alikuja kwake. Vagheni aliishi katika nyumba ya vyumba viwili, na nyuma yake kulikuwa na kiwanja kidogo chenye safu ya mikaratusi. Alimpa kiti. Berthe hakukaa.

"Shemeji," alisema. "Nilikuangalia jana. Bale batoto bengine bote balikuwa banacheza. Weye haukucheza."

Vagheni alikirudisha kiti ukutani.

"Ile ngata. Haukutafuta kwa macho. Mukono ulijua pale iko. Ulishafanya vile, siku ingine." Aliongea bila kupandisha sauti. "Ulimufanyia nani?"

Vagheni alikuwa amewaza siku hii mara nyingi katika miaka mitatu. Alidhani ikifika kutakuwa na kitu kifuani, kupasuka au kuanguka. Hakukuwa na kitu. Alisikia sauti yake ikisema kama inavyosema tarehe darasani:

"Kambere. Siku ya tatu, mu pori. Alianguka, balisema nibebe yake, nilibeba. Soda, yule mwanajeshi, alibaki na yeye. Nilisikia bunduki. Hawakutuachanisha. Nilikudanganya."

Berthe alitazama mikaratusi. Kuku wa jirani walipita katikati yao.

"Unionyeshe," alisema.

"Nini?"

"Batoto ba masomo uliwaonyesha. Na miye unionyeshe. Alikuwa wapi, weye wapi, soda wapi. Yote."

Vagheni aliingia ndani, akatoka na mfuko wa maharage na beseni la kufulia, maana hakuwa na kitu kingine. Berthe akaukunja mtandio wake uwe ngata. Akauliza mzigo wa Kambere ulikaa vipi, kichwani au begani. Kichwani, Vagheni akamwambia, lakini siku ya tatu alikuwa anaushika kwa mikono miwili. Berthe akaweka mfuko wa maharage kichwani, akaushika kwa mikono miwili, akasimama mbele yake.

"Hapa?"

"Hapa. Njia ilikuwa ndogo kuliko hii. Soda alikuwa upande wa kuume."

Vagheni akajitwisha beseni, wakatembea kutoka ukutani kuelekea mikaratusi. Kiwanja kilikuwa kifupi, wakageuka, wakarudi. Mara ya tatu Berthe akauliza, "Alianguka namna gani?"

"Magoti kwanza. Kisha upande wa kushoto."

Berthe alipiga magoti. Akajilaza kwa ubavu wa kushoto, kitenge chake cha misa juu ya udongo. Maharage yakamwagika kidogo.

"Alisema nini?"

Hilo hakuwahi kumwambia mtu, wala hakuwahi kulirudia kichwani kwa maneno. "Aliuliza kama tumefika," alisema.

"Ukamujibu nini?"

"Sikumujibu."

Berthe alilala pale kwa muda, shavu likiwa chini. Chungu mmoja mweusi alipanda mkononi mwake, akavuka, akashuka. Kisha alisema, "Chukua."

Vagheni aliinama. Akamvua mtandio kichwani, akauweka juu ya beseni, akapandisha mfuko. Akaruka miguu yake.

"Sasa tembea mpaka pale ulisikia bunduki."

Alitembea. Kiwanja hakikutosha hatua arobaini alizotembea siku ile mpaka mlio, kwa hiyo alifika kwenye mti wa mwisho akasimama na uso wake ukikaribia gome. Nyuma yake hakukuwa na mlio wowote, wala kilio, wala mtu aliyemwita. Alingoja kwa sababu hakujua kinachofuata. Katika ile safari hakugeuka hata mara moja, kwa hiyo hapa hakuwa na cha kuonyesha. Mwishowe akageuka.

Berthe alikuwa ameketi chini, anaokota maharage moja moja na kuyatia kwenye kiganja.

"Kubeba, ulibeba," alisema bila kuinua kichwa. "Yeye pia angebeba ya kwako. Sina kasirani na ile. Lakini myaka tatu, Vagheni. Nilipiga mashati pasi myaka tatu, na weye ulikuwa unakuja kula kwangu." Hakumwita shemeji. Alisimama, akakung'uta udongo, akamkabidhi maharage, akaenda.

Msiba uliwekwa wiki ile ile. Vagheni aliitwa mbele ya wazee wa familia kueleza, na alieleza kwa maneno yale yale, kwa mpangilio ule ule. Kaka yake Berthe, Gérard, alisema mtu aliyemwacha ndugu yake porini hana haki ya kuketi na wafiwa. Wazee walijadili. Mmoja akauliza nani kati yao angekataa bunduki ikiwa ubavuni, lakini hakuna aliyemsogezea Vagheni kiti. Alisimama kwenye ua siku zote tatu. Watu walilia. Élise alilia mpaka akapoteza sauti ya kwaya. Vagheni alipasua kuni, alichota maji, alitandika mikeka, na aliangalia machozi ya watu jinsi mtu anavyoangalia mvua inayonyesha kilima cha pili.

Misa ilisomwa. Kwa kuwa hakukuwa na mwili, familia iliweka msalaba wa mbao kwenye makaburi, pembeni mwa kaburi la babu yao, ukiwa na jina la Kambere na mwaka.

Septemba shule ilifunguliwa. Prefe Ignace, ambaye sasa alijua yote kama mji mzima ulivyojua, alimwita ofisini, akamwambia kwamba mchezo ule hautarudiwa, na kwamba angeweza kupumzika muhula mmoja. Vagheni alisema hapana. Aliingia darasa la sita. Wanafunzi walisimama, na walibaki wamesimama kwa muda mrefu kuliko kawaida. Jéthro alikuwa amehitimu na kuondoka. Bénie alikuwa dawati la kwanza. Hakuinua mkono siku hiyo. Baada ya somo alimwachia mezani madaftari mawili yaliyojaa maneno ya babu yake, yote aliyoyakusanya tangu Januari, akamwomba asahihishe makosa. Vagheni aliyasoma wiki nzima. Alisahihisha tahajia. Maneno yenyewe hakuyagusa.

Berthe hakumsalimu Septemba wala Oktoba. Walipokutana sokoni alipita upande mwingine wa njia.

Sikukuu ya Marehemu wote, tarehe mbili Novemba, Vagheni alikwenda makaburini mapema, akang'oa magugu kuzunguka msalaba. Alikuwa bado ameinama Berthe alipofika na watoto. Hakumfukuza. Aliwasha mshumaa, upepo ukauzima, akauwasha tena, akasimama upande ule unakotoka upepo ili uwake. Wakasali Baba Yetu, Vagheni akiwa hatua mbili nyuma yao. Watoto walipokwenda kuangalia makaburi mengine, Berthe aliongea, macho yakiwa kwenye mshumaa.

"Élise ameanza kuuliza. Anataka kujua yote, hata ile pori. Mimi siwezi."

"Nitamuambia mimi," Vagheni alisema.

"Utamuambia kweli yote."

"Yote."

"Lakini hapana leo," Berthe alisema. Akajifunga mtandio vizuri, akawaita watoto. Mawingu yalikuwa yanashuka upande wa Lubero. "Leo mama yangu alipika kule kwa Gérard. Kuja, tuende kula."